Ndizi zangu zilivyochanusha bromelia za Madame kabla ya wakati wake

Wakuu wa jukwaa la maua, salaam nyingi kutoka Kisangani.

Juzi kuna mdau alilalamika humu kwamba bromelia yake ina miaka minne na haijatoa ua hata moja. Nikacheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Nina kisa cha hayo mambo. Ni cha zamani, miaka ya hamsini, mji ukiitwa bado Stanleyville na mimi, Safi, nikiwa mke mchanga. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Sijaongeza chumvi. Anayebisha aje kwangu mtaa wa Kabondo nimwonyeshe chungu chenyewe.

Twende.

Mume wangu, Ramazani, alikuwa mtunza bustani wa Mbelgiji mmoja mwenye nyumba kubwa karibu na mto. Sisi tulipewa chumba kimoja nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, miezi mitatu hivi.

Bwana wa nyumba hakuwa na shida na mtu. Mwenye mambo alikuwa Madame Odile, mkewe.

Madame alikuwa na ugonjwa mmoja tu: bromelia.

Alijengewa nyumba ya vioo ya kuwekea mimea, wenyewe wanaita serre. Ndani kulikuwa na meza ndefu za mbao, na juu yake vyungu arobaini. Vingine vililetwa kwa meli kutoka Ulaya, vingine alibadilishana na wenzake wapenda maua. Nyote mnajua asili yake ni Amerika. Huku kwetu msitu wote huu, ya porini huwezi kuipata hata moja.

Kila chungu kilikuwa na kibao cha jina la Kilatini. Ramazani hakuweza kuyatamka, basi akaipa mimea majina yake mwenyewe, kama watu.

Wale wenye majani ya kijivu kama yamepakwa majivu, yenye miiba pembeni, aliwaita Wazee. Nyinyi mtasema Aechmea.

Wale wanaokuwa wekundu katikati wakikaribia kutoa maua aliwaita Mabibi Harusi. Hao ni Neoregelia.

Wale ambao maua yao yananing'inia na kudondosha tone la maji ukiwagusa, Billbergia, aliwaita Walizi.

Na kulikuwa na mmoja tu, mkubwa, majani ya kijani yenye mistari myeusi ya kukingama. Vriesea. Huyo alimwita Sultani.

Sultani ndiye aliyekuwa roho ya Madame. Alimleta akiwa mdogo kama kitunguu, akamlea miaka sita. Hakuwahi kuchanua.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana kisa chote kimesimama juu ya jambo hili. Mmea kama Sultani unachanua mara moja tu maishani. Ukishachanua unatoa watoto ubavuni, kisha wenyewe unakufa polepole. Madame alilijua hilo, na Ramazani alilijua pia. Madame alikuwa akisubiri ua moja tu.

Bon. Ikafika zamu ya Bwana na Madame kwenda likizo Ubelgiji. Miezi sita.

Siku ya kuondoka Madame alimwita Ramazani mlangoni mwa serre. Nilikuwa nafua pale karibu, nilisikia kila kitu. Alijua Kingwana cha kuagiza kazi, Kiswahili chetu cha huku, ambacho "paka" si mnyama, ni "tu".

"Ramazani, hapa hakuna mutu ya kuingia. Paka weye. Umesikia?"

"Ndiyo, Madame."

"Na huyu," akamshika Sultani jani, "asitoe mauwa mbele mi nirudi."

Alisema akicheka. Lakini Ramazani hakucheka. Kwake neno la Madame lilikuwa amri, hata kama ni amri ya kumkataza mmea kuchanua.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu chake cha kazi, na tajiri akikuandika vibaya mle ndani, hakuna nyumba nyingine itakayokuchukua. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda. Na mimi tumbo hilo linakuja.

Hawakumaliza hata wiki mbili tangu waondoke, Ramazani akakanyaga meno ya reki. Mguu ukavimba. Kwenye dispensari wakamfunga bandeji na kumwambia asikanyage chini mpaka upone.

Basi nani atamwagilia?

Mimi.

"Safi," aliniambia akiwa kitandani, kama mtu anayeacha wosia, "maji unatia mu kikombe ya majani, hapana mu udongo. Na maji ya mvua, hapana ya robine. Na usiguse Sultani."

"Nitamumwagiliaje bila kumugusa?"

"Mumwagilie na heshima."

Wakuu, nilifanya kazi ile kwa heshima, haki ya Mungu. Nilikinga mvua kwa ndoo, bomba sikuligusa, nikajaza vikombe, yale mashimo katikati ya majani, kimoja kimoja. Siku moja akaja bwana wa usafi, mmoja wa wale waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta maji yaliyotuama kwa sababu ya mbu. Akaona maji kwenye majani, akasema mwaga yote. Nikamwambia karibu uanze na hawa, nikamwonyesha Wazee. Alitia mkono kwenye mmoja tu. Miiba ikamkaribisha vizuri. Akafuta damu, akasema kwa leo inatosha, akaondoka.

Lakini mimi nilikuwa na biashara yangu.

Nilikuwa nauza bitabe, zile ndizi tamu za kula mbivu. Nilinunua mikungu mibichi kwa watu waliokuja na mitumbwi, naivisha, ndipo napeleka zando, yaani sokoni. Mama yangu alinifundisha kuivisha: tafuta mahali pa joto, pafungwe, funika mikungu kwa majani na turubai, na katikati weka papai au ndizi chache zilizokwisha iva ili zivute nyingine.

Chumba chetu kilikuwa na unyevu na panya. Usiku mmoja panya walinilia mkungu mzima, wakaacha mkonyo kama wananidhihaki.

Na mimi nina ufunguo wa nyumba ya vioo. Joto tele. Imefungwa vizuri. Panya hakuna.

Mnajua tayari nilichofanya.

Nilipanga mikungu yangu chini ya meza, nikafunika kwa turubai, nikafunga madirisha yote ya juu ili joto lisitoke. Zikaiva, wakuu! Zikaiva zote kwa pamoja, za manjano bila doa. Kina mama wa zando wakaniuliza unaivishia wapi. Nikasema ni siri ya nyumbani.

Nikarudia mara ya pili. Na ya tatu. Ramazani kitandani akawa anashangaa mke wake ananukia ndizi, nikamwambia ni mimba.

Mguu ukapona. Kabla hajarudi kazini nilitoa kila kitu, nikafagia, nikafungua madirisha. Nikajiona mjanja sana.

Zikapita wiki kama saba.

Asubuhi moja nilikuwa natwanga pondu, majani ya muhogo. Ramazani akaja akikimbia na mguu wake ule uliopona juzi, uso umekuwa wa majivu kama Wazee wake.

"Safi! Kuya uone! Kuya!"

Nikaingia serre. Katikati ya Sultani, ndani ya kikombe, kulikuwa na kitu chekundu kimechomoza, kimebanwa bapa, mfano wa ulimi wa mtoto anayekucheka.

Nikafurahi, nikapiga vigelegele. Ramazani akaniziba mdomo.

"Usilie! Angalia wengine."

Nikaangalia. Mabibi Harusi walikuwa wekundu wote. Wazee walikuwa wanachomoza vichwa vya rangi ya waridi. Walizi ndio kabisa, walishaning'iniza machozi yao. Vyungu vyote vilivyokomaa vilikuwa vinachanua siku moja kama vimeitwa ngomani.

"Madame atarudi kisha miezi tatu na nusu," alisema. "Mauwa itakuwa inaisha kufa. Miaka sita anangojea, na itafia ku macho yangu miye. Atasema nini? Ataandika nini mu kitabu?"

Mimi sikujua kwamba ni kazi ya ndizi zangu. Naapa sikujua. Nilidhani labda nilizidisha maji, na hilo peke yake lilinichoma moyo.

Jioni ile nilimkuta mlangoni mwa serre na panga.

"Nitamukata hii ulimi," alisema. "Madame atarudi, atakuta majani tu. Ataendelea kungojea. Hatajua."

Nilisimama mbele ya Sultani na tumbo langu. Sikufikiri, niliogopa tu kwamba atafanya kweli.

"Ukikata, haitatoa ingine. Huyu mama atangojea mupaka azeeke, na weye utakuwa unamuangalia kila siku. Utaweza?"

Akakaa chini kwenye kizingiti. Panga akaliweka pembeni. Alikuwa mtu mwenye maneno mengi kwelikweli, mume wangu, lakini moyo wa udanganyifu hakuwa nao. (Hilo la mwisho nalisema kwa tahadhari. Mtaona mbele.)

Tukaamua kumwandikia.

Hatukujua kuandika Kifaransa. Tukaenda kwa jirani, tonton Alphonse, yaani mjomba Alphonse, karani, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Tulitaka aandike maneno machache tu: Sultani anatoa ua. Tonton Alphonse akasema barua kwa Madame haiandikwi kikavu hivyo. Akaanza na salamu, akaulizia hali ya hewa ya Ubelgiji, akatoa heshima zetu kwa familia yote mpaka bibi wa Madame kama bado yuko hai. Sultani akaingia ukurasa wa pili.

Barua ikaenda na ndege.

Jibu likaja kwa telegramu. Tonton Alphonse akaisoma, akaigeuza kuona kama kuna kingine nyuma.

"Iko maneno kidogo tu," alisema. "Musiguse kintu. Niko nakuja."

Wakuu, Madame alikuwa na likizo ya miezi sita na alikuwa amekula nusu tu. Anavunja likizo. Anamwacha mumewe Ulaya. Anakuja.

Ramazani aliisikia kama hukumu. Alipungua, kanzu ikawa inamvaa yeye. Akaanza kupanga vitu vyetu kwenye sanduku: sufuria, blanketi, nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi naondoa sufuria nipike, yeye anairudisha.

Lakini kazi hakuiacha. Mchana alikuwa anatandaza mikeka juu ya vioo jua lisimchome Sultani. Alihakikisha maji hayaligusi ua. Na ule ulimi ukakua, ukawa upanga mwekundu, mrefu kuliko mkono wangu, na ubavuni mwake vikaanza kutoka vijiua vya manjano. Sijaona kitu kizuri namna ile. Ramazani alikuwa anautazama kwa mapenzi na hofu pamoja.

Madame akafika. Alishuka kwenye gari na kofia yake ya safari kichwani, hakutusalimu, akapita moja kwa moja serre.

Sisi tukasimama nje. Sanduku letu lilikuwa tayari limefungwa kamba.

Tukangoja atoke, hakutoka.

Tukachungulia. Madame amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya Sultani, analia. Halafu anacheka. Halafu analia tena. Kofia imeanguka na hana habari nayo.

Alipotoka alimshika Ramazani mkono kwa mikono yote miwili. Siku zile Mzungu kukushika mkono hivyo halikuwa jambo dogo.

"Asante," alisema. "Asante kuniandikia."

Hapo sasa ndipo mume wangu aliporudiwa na roho, na maneno yake yakarudi nayo. Siku hiyohiyo jioni mtaa mzima ulijua kwamba Ramazani ana mkono wa kuchanusha maua. Eti alikuwa akiwasomea dua. Eti aliwasemesha kila asubuhi. Sanduku alilifungua akipiga mluzi.

Nami nikamwacha afurahi.

Siku ya tatu akaja kwa boti bwana mmoja wa Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mtaalamu wa mimea. Madame alimwita kwa sababu alisema si kawaida aina nne tofauti kuchanua pamoja. Alikuwa mtu mpole, suruali fupi, goti lina udongo. Akazunguka, akanusa, akaangalia madirisha. Akauliza kama kuna aliyewasha moto humu ndani. Hakuna. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya meza.

Akatoka na kipande cha mkonyo wa mkungu wa ndizi, mkavu.

Nilifagia, wakuu. Lakini sikuinama kufikia nyuma ya mguu wa meza, kwa ajili ya tumbo.

"Nani aliweka bitabe hapa?" aliuliza.

Madame akageuka kumtazama Ramazani. Aliyepewa amri ya mlango ni yeye.

Ramazani aliutazama ule mkonyo. Kisha akanitazama mimi. Nikaona amejua: harufu ya ndizi kitandani, maneno yangu ya mimba, yote. Nikangoja aniseme. Ilikuwa haki yake.

"Njo miye, Madame," alisema. "Mi niliweka. Bibi yangu hajue kintu."

Mtu aliyejisifu siku tatu mfululizo! Alikuwa anatupa sifa zake zote na kitabu chake cha kazi kwa neno moja.

Machozi yakanitoka hapohapo.

"Anasema bongo, uongo tupu, Madame. Yeye alikuwa mugonjwa ya muguu. Njo miye Safi. Niliivisha bitabe yangu humu mara tatu, juu ya kukimbia panya."

Madame akanitazama. Akatazama mkonyo. Bwana wa Yangambi akaanza kumweleza kwa Kifaransa, kisha akatueleza na sisi. Tunda linapoiva linatoa pumzi ambayo haionekani. Pumzi hiyo ndiyo inayoivisha mwenzake. Na bromelia ni ndugu wa nanasi, nao wakiivuta ile pumzi mahali palipofungwa wanadhani wakati wao umefika, wanachanua. Wakulima wa nanasi wanafanya hivyo kwa moshi. Mimi nimefanya kwa mikungu ya ndizi na turubai.

"Miaka sita," Madame alisema polepole. "Nilisoma vitabu yote. Niliandikia watu ya Bruxelles. Na ilikuwa paka bitabe?"

"Ndiyo, Madame."

"Iko ingine?"

"Nini, Madame?"

"Bitabe. Unayo ingine?"

Nikakimbia chumbani nikaleta chane. Tukala, watu wanne, tumesimama serre mbele ya Sultani. Madame alicheka mpaka akashika meza. Kitabu cha Ramazani hakikuandikwa ubaya wowote. Kuanzia hapo nikapewa kona yangu ya kuivishia nje ya serre, na nikawa naitwa kila mwezi niweke ndizi na chungu kimoja ndani ya sanduku la mbao, kimoja tu, ili Madame asikose ua.

Sultani alikufa polepole kama ilivyotarajiwa. Aliacha watoto wawili. Miaka michache baadaye, Madame alipofunga mizigo kuondoka moja kwa moja, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu na mtoto mmoja ndani ya chungu.

"Safi, huyu usimuwekee bitabe," alisema. "Huyu umungojee."

Nikaahidi.

Tulipohamia Kabondo nilimbeba mapajani njia nzima. Nikangoja. Akakua, akafa kwa ukame mwaka ambao sote tulikuwa na mambo mengine ya kuwaza kuliko maua, akaacha mtoto. Nikangoja huyo. Wajukuu wa Sultani wakarithiana chungu, na mimi sijaona ua jekundu. Ramazani akawa ananitania kwamba naweka ahadi kwa mtu ambaye hata anwani yake sina.

Basi binti yetu Zaina, yule aliyekuwa tumboni, akachumbiwa.

Miezi kadhaa kabla ya harusi niliona Ramazani amekifunika chungu kwa nailoni na gunia, amekisogeza nyuma ya jiko. Nikamuuliza. Akasema mbuzi wa jirani wameanza kula majani. Nikaona sawa.

Na wiki ya harusi, wakuu, Ramazani akakitoa chungu nyuma ya jiko na upanga mwekundu umechomoza! Wa kwanza tangu ule wa Madame. Nilikiweka chungu mbele ya wageni wote, nikawaambia huu umekuja wenyewe, nimeungojea miaka yote hiyo bila ndizi hata moja. Ramazani alikuwa pembeni ameshika kikombe cha chai, ananiunga mkono kwa kichwa. "Subira, mama Zaina," alisema. "Paka subira."

Harusi ilipokwisha nikaenda kufagia nyuma ya jiko. Nikainua lile gunia.

Maganda ya ndizi. Meusi, makavu, yamepangwa vizuri kuzunguka mahali chungu kilipokuwa.

Niliweka ufagio chini. Kisha nikayafukia chini ya mti wa ndimu, nikaenda kumpelekea chai. Sikumwambia nimeyaona. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na kila mgeni alisimuliwa habari ya subira ya mke wake. Nimemzika nikiwa bado nimenyamaza. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia.

Funzo kwa mdau wa juzi: mmea wako ukishakomaa, mwaga kwanza maji ya kikombe, ufunike kwa mfuko pamoja na ndizi mbivu, siku kumi hivi, kisha fungua, urudishe maji, na usubiri wiki kadhaa. Chungu kimoja kimoja, usifanye uroho kama mimi. Mdogo usimlazimishe, atakufa bure.

Na kwa wengine: ukiona mwenzako anafunika chungu kwa gunia na kukuambia habari za mbuzi, usiharakishe kumwumbua.

Chungu kipo hapa barazani, kina watoto watatu. Sijaweka ndizi. Nangojea kweli safari hii, na umri huu sijui nani atamwahi mwenzake, ila kila asubuhi nachungulia kikombe.

Haya, wapenda bromelia, leteni ya kwenu. Nani alishawahi kuchanusha kwa bahati mbaya?